Kidonge cha Shavu la Kushoto

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo. Daktari amesema niwe naandika kila siku ninavyojisikia, eti mstari mmoja unatosha. Mstari mmoja ni wa watu wasio na la kusema. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, lakini kalamu hainishindi.

Basi nianze na mimi mwenyewe. Mimi ni fundi wa masofa, na si fundi wa kubahatisha. Hakimu mmoja aliwahi kukalia kiti nilichokifunga kwa mikono yangu, akapitiwa na usingizi katikati ya kesi, na alipozinduka mshitakiwa alikuwa ameshafika kwao anapakuliwa chakula. Stepla sitaki hata kuiona. Mimi ni nyundo na misumari midogo, na misumari yenyewe naiweka mdomoni, shavu la kushoto, konzi nzima. Ulimi unanitolea mmoja mmoja, kichwa kikiwa mbele, huku napiga soga na mteja kama kawaida. Watu huja karakana kunitazama tu, sofa hawana haja nayo.

Sasa ninavyojisikia. Baridi. Wenzangu wanajipepea, mimi nina sweta. Sauti inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Asubuhi uso umevimba, vidole vigumu, na mchana nikikalia sofa ya mteja kuijaribu, naamka jioni. Na hapa kooni kuna kitu. Mimi nakijua. Ni msumari. Baada ya miaka yote hii mmoja umenitoroka.

Daktari ni kijana, ndevu zenyewe bado zinajadiliana kama zitoke. Amenipiga picha ya shingo, amenitoa damu, akasema hakuna msumari wowote. Anasema ni tezi, ile ya mbele ya shingo, na kwamba askari wa mwili wangu mwenyewe wameigeukia wanaishambulia kidogo kidogo, ndiyo maana mwili mzima umepoa. Nikamuuliza nani kawatuma. Akasema hawajatumwa na mtu. Mtu anayekwambia umevamiwa na askari halafu hawajatumwa na mtu, huyo anaficha kitu.

Amenipa vidonge. Kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji, halafu nisubiri kabla ya chai. Nikamuuliza hadi lini.

"Siku zote, mzee."

Nimetoka pale nikigeuka nyuma mara kwa mara.

Jumanne, Machi 5

Nimemeza. Sijaona kitu.

Jumatano, Machi 6

Mvua. Nimemeza. Mke wangu anasimama mlangoni kunitazama nikimeza, kama askari wa zamu. Kwa nini anasimama?

Jumamosi, Machi 9

Leo nimeingia jikoni nikawakuta mke wangu na Shemeji wananong'ona. Waliponiona wakaanza kuzungumzia nyanya. Nyanya zenyewe hazikuwepo ndani ya nyumba.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Nilimchukua akiwa hajui nyundo inashikwa upande gani, nikamtengeneza mpaka akawa mtu. Kasoro yake ni moja tu, haongei. Mimi namwogopa mtu asiyeongea, maana maneno yake anayapeleka wapi?

Tuna kazi kubwa msimu huu, viti vya chumba cha kulia cha hoteli mpya, na hoteli inataka kufunguliwa mvua zikiisha. Jana Shemeji kaniambia kwa upole, mikanda nimwachie yeye, mimi nishone vitambaa. Asiyejua ataona ni huruma. Lakini mikanda ni ile inayopita chini ya kiti, ikisukwa na kuvutwa mpaka ilie kama ngoma. Kitambaa ni nguo tu. Anayevuta mikanda ndiye mwenye kiti, na mwenye kiti ndiye mwenye karakana. Nimemjibu mikanda ataivuta siku nikizikwa. Akanyamaza, kama kawaida yake.

Alhamisi, Machi 14

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amekuja. Huyu nilimbeba mabegani akiwa na kamasi, leo amesomea mambo ya viungo na anafundisha watu mazoezi kwenye ukumbi wa shule, Jumanne na Ijumaa. Anasema niende. Nikamwambia mjomba wako aliwahi kubeba kabati la milango mitatu hadi ghorofa ya nne peke yake, na ndani ya kabati kulikuwa na mtu amelala. Akasema hayo mazoezi si ya kubeba, ni ya polepole.

Nikamuuliza nani kamtuma. Akamtazama mke wangu. Nilijua.

Jumanne, Machi 19

Nimekwenda, lakini kwa upelelezi.

Ukumbi wa shule, viti vimesogezwa ukutani, mikeka chini. Wengi ni kina mama, na mzee mmoja mwenye goti bovu. Nikachagua mkeka wa nyuma, mgongo ukutani, mlango naona, madirisha naona.

Mpwa wangu akasema tuinue mikono huku tukivuta pumzi, tuishushe tukiitoa. Taratibu. Halafu tuzungushe mabega. Halafu tugeuze shingo polepole, tusilazimishe, tusikie tu pale inapogoma. Halafu tukatembea kutoka ukuta hadi ukuta, tukisikiliza kisigino kinavyogusa sakafu, kisha wayo, kisha vidole. Watu wazima wanatembea kwa adabu kama wamevunja kitu nyumbani mwa watu, na hawaendi popote.

Mwisho akasema tulale chali tufumbe macho. Wenzangu wakafumba. Mimi nikabaki na jicho moja. Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Ijumaa, Machi 22

Nimekwenda tena, ili wasijue nimewashtukia. Nimesinzia chali. Wanasema nimekoroma mpaka darasa zima likawa linapumua kwa kunifuata mimi.

Jumanne, Aprili 2

Mvua tangu alfajiri. Vidole vimelainika kidogo. Nimefunga viti viwili bila kukaa.

Ijumaa, Aprili 12

Leo nimevua sweta. Nimemwita mke wangu ashuhudie. Uso umerudi kuwa uso, sauti imeanza kuwa sauti, na nimepanda ngazi ya ukumbi huku naimba. Nimegundua jambo pia. Nikivuta mkanda wa kiti kwa pumzi, kama mpwa wangu anavyofundisha, natoa hewa taratibu huku mikono inavuta, mkanda unakaza vizuri na bega haliumi. Nimemwonyesha Shemeji. Nimemwambia nimeibuni mwenyewe.

Jumatatu, Aprili 15

Usiku nimepiga akili. Nimekuwa na mambo mawili, kidonge na mazoezi. Nimepona. Kati ya hayo mawili, kipi nakisikia mwilini? Mazoezi nayasikia, begani, kifuani, miguuni. Kidonge sikisikii. Kinashuka kimya, halafu kinanyamaza. Na mimi na vitu vinavyonyamaza sisi si marafiki.

Halafu nikajiuliza, daktari gani anatoa dawa ya siku zote? Dawa ya kweli ina mwisho. Fundi anayetengeneza kiti kisichokwisha kutengenezwa, huyo hataki kiti kipone, anataka mteja arudi.

Jumanne, Aprili 16

Tatizo ni mke wangu pale mlangoni. Lakini wamesahau wanashughulika na nani. Nimeweka kidonge ulimini, ulimi ukakipeleka shavu la kushoto, mahali pake pa kazi, nikanywa maji glasi nzima, nikasema aah, nikamwuliza habari za mama yake, akanijibu, nikamcheka, akaondoka ameridhika. Kisha nikaenda dirishani nikakitemea mtaroni. Mvua ikakichukua.

Mtu aliyeweza kukaa na konzi ya misumari shavuni huku akibishana habari za mpira atashindwa na kidonge kimoja kisicho hata na ncha?

Jumatano, Aprili 17

Dirishani. Najisikia simba.

Ijumaa, Aprili 19

Baada ya darasa nimesimama nikawaambia wenzangu kwamba mazoezi haya yameniponya tezi, na yatampeleka daktari shamba. Kina mama wakapiga makofi. Mpwa wangu hakupiga. Akanivuta pembeni.

"Mjomba, mimi silitibu hilo. Haya yanakulegeza viungo, yanakupa usingizi, yanakutuliza. Tezi haimo mikononi mwangu. Kidonge unameza?"

Nikasema namshangaa, anadharau kazi yake mwenyewe. Lakini njiani nikafikiria. Kwa nini aliuliza kidonge? Daktari na yeye wanaongea?

Alhamisi, Aprili 25

Dirishani. Mvua. Viti vinaendelea.

Ijumaa, Mei 3

Darasani nimechoka mapema. Itakuwa ni hali ya hewa. Hata mkeka ulikuwa wa baridi.

Alhamisi, Mei 9

Sweta nimeivaa tena, kwa sababu mvua hii si mvua ya kawaida. Mke wangu ameniuliza mbona uso umevimba tena. Nikamwambia ni usingizi mzuri. Akatoka uani, nikasikia anampigia mtu simu kwa sauti ya chini.

Jumanne, Mei 14

Sikwenda darasani. Miguu ilikataa. Ulimi nao umekuwa mzito, nimekaa na neno "mkanda" mdomoni mpaka Shemeji akanitajia. Sikumwomba anitajie.

Jumamosi, Mei 18

Leo nimepata ushahidi.

Nilisahau koti langu karakana, nikarudi jioni mvua ikinyesha. Taa inawaka. Nikachungulia kabla ya kuingia, maana ndivyo mtu mwenye akili anavyoingia kwake. Nikamwona Shemeji amekipindua kiti, kiti nilichokifunga mimi jana, na anang'oa misumari yangu. Mmoja baada ya mwingine, anaiweka kwenye kopo. Anafungua mikanda yangu. Pembeni yake kulikuwa na vingine ameshavifumua, vyote vyangu.

Sikuingia. Nimerudi nyumbani na maji mwilini kama samaki. Mke wangu akaniuliza koti liko wapi. Wote ni damu moja.

Jumatatu, Mei 20

Msimamizi wa hoteli amekuja kukagua. Nimesubiri akae, nikasimama katikati ya karakana, nikasema kwa sauti iliyobaki kwamba katika nyumba hii kuna mtu anafumua kazi yangu nyuma ya mgongo wangu ili viti vionekane vibovu, mimi nifukuzwe, yeye arithi. Nikamwonyesha kidole.

Shemeji hakuruka wala hakukana. Alikifuta kiti kimoja kwa kiganja, akasema nikikalie. Nikamwambia sikalii vitimbi. Msimamizi akaangalia viatu vyake. Shemeji akachukua mfuko wake wa vifaa akaondoka kwenye mvua, hata mwavuli hakubeba.

Nimeshinda. Andika hapo, nimeshinda.

Jumanne, Mei 21

Niko peke yangu karakana. Ni vizuri.

Ijumaa, Mei 24

Mkono huu unaandika polepole, anayesoma anivumilie.

Jumatano nilikuwa na viti viwili mbele yangu, nimevipanga, kimoja alichokifunga Shemeji, kimoja nilichokifunga mimi wiki ile na yeye akawa bado hajakigusa. Nikakalia cha kwake. Kikanipokea. Nikakalia cha kwangu. Kikazama. Kilizama chini mpaka makalio yakagusa ubao, kama mtu anayekalia kapu. Nikakipindua. Misumari yangu ilikuwa imelala upande, mingine imepita kando kabisa ya ubao. Mikanda ililegea kama kamba ya nguo. Hiyo ni kazi ya mikono yangu, na sikuiona nilipokuwa naifanya. Mikono ilikuwa inaniambia imevuta kumbe haijavuta, na yule mtu alikuwa akibaki kila jioni kuvirudia vyote, anaurudisha mshono wangu ule ule juu, ili asubuhi nione ni changu.

Nikasema nitavuta sasa hivi. Nikaushika mkanda, nikatoa pumzi kama nilivyofundishwa. Baridi ilinianzia miguuni. Nakumbuka sakafu ilikuwa karibu sana.

Kumbe mpwa wangu alikuwa ananifuata kuniuliza mbona nimeacha darasa. Ndiye aliyenikuta. Hakuwa na mtu wa kumsaidia kuninyanyua, akampigia Shemeji, na Shemeji akaja, akanibeba mgongoni mpaka barabarani. Hili sijaliongeza chumvi. Mimi si mwepesi.

Daktari akanitoa damu. Akarudi amekunja uso. Akamwuliza mke wangu kama nameza kidonge.

"Naapa, daktari. Kila asubuhi namwona kwa macho yangu."

Daktari akasema basi hiki kipimo cha dawa hakitoshi, ataongeza, ataongeza sana, na kama hali haitabadilika nilazwe watafute jambo jingine, labda moyo. Mke wangu akashika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa nimelala pale nawasikia wote. Sikusema neno. Nilijiambia sauti haitoki.

Jumamosi, Mei 25

Asubuhi mke wangu ameleta kidonge kipya na maji. Macho yake yamevimba kuliko uso wangu. Shemeji alilala kwetu sebuleni, alikuwa amekaa kwenye kiti mkabala na kitanda, mikono mapajani.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Mazoea. Ulimi ulijiendea wenyewe. Nikanywa maji, nikasema aah, nikaanza kueleza jinsi mvua ya mwaka fulani ilivyozoa nyumba nzima pamoja na mpangaji wake, akaamka mji wa pili akaulizwa kodi.

"Shemeji," naye akaniita hivyo hivyo kutoka kwenye kiti chake, "fungua mdomo."

Nikacheka. Nikamwuliza tangu lini amekuwa daktari wa meno.

"Shavu la kushoto. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akiwa na kitu pale, taya la upande ule halichezi. Nimekuangalia siku ngapi nikidhani ni ugonjwa."

Nikafungua mdomo. Kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka, kimeacha weupe kwenye fizi.

Nilimsubiri mke wangu apige kelele. Angepiga ningejua pa kushika, kwenye kelele mimi ni mwenyeji. Alisema neno moja tu, taratibu.

"Niliapa."

Akachukua glasi, akaenda nayo jikoni, nikamsikia anaiosha. Glasi moja, aliiosha mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Jumatatu, Mei 27

Mke wangu amenipeleka kwa daktari akaniambia niseme mwenyewe. Nimesema. Yule kijana hakunicheka. Alifuta alichokuwa ameandika, akanirudisha kwenye kipimo cha zamani, akasema ningemeza kweli kile kikubwa ghafla, moyo ungeweza kunienda mbio. Nikamwuliza tena, kwa heshima safari hii, wale askari ni nani aliyewatuma. Akasema hata yeye angependa kujua, na wakubwa zake pia. Ni mara ya kwanza nimemwamini kidogo.

Jumanne, Mei 28

Sasa mke wangu ana tochi. Nameza, nafungua mdomo, anamulika juu, chini, shavu la kushoto, la kulia, chini ya ulimi. Nimewashuku wote msimu mzima bila hata kibatari.

Ijumaa, Mei 31

Nimerudi ukumbini, nimekaa kwenye kiti, nikainua mikono hadi pale ilipotaka kuishia. Nilidhani mpwa wangu atanihurumia. Alinisubiri wenzangu wakunje mikeka.

"Nilikufundisha kuusikiliza mwili, Mjomba. Sikukufundisha kuusemea."

Na akanituma kuwaambia kina mama wote, mmoja mmoja, kwamba yale niliyowatangazia yalikuwa uongo wangu. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kukiruka kidonge chake cha presha kwa ajili yangu. Jina langu lilikuwa limefika mpaka jikoni kwake bila mimi kujua. Nimemwambia akirudie leo leo. Amenitazama kwa shaka, na ana haki.

Jumatano, Juni 5

Shemeji anavuta mikanda. Mimi nashona vitambaa nikiwa nimekaa, na kila baada ya kitambaa nageuza shingo polepole, nashusha mabega. Msimamizi wa hoteli alikuja, nikamwambia mbele ya kila mtu kwamba viti vyote vilivyo imara hapa ni vya huyu. Shemeji akasema hapana, tumefunga sote. Nikamwambia anyamaze, safari hii mimi ndiye ninayetaka anyamaze.

Jumapili, Juni 9

Tochi bado.

Alhamisi, Juni 13

Mvua imekatika. Viti vimekwenda hotelini jana.

Leo nimeamka nikakuta kidonge mezani, juu ya kisahani, na glasi ya maji kando yake. Mke wangu hayupo. Nikamwita. Akajibu kutoka uani kwamba anaanika, na kwamba kidonge nimeshakiona. Nilimwona kupitia mlango, mgongo kwangu, anakung'uta shuka. Tochi ilikuwa juu ya kabati imelala.

Nikasubiri aje. Hakuja. Nikakohoa. Akaendelea kuanika.

Basi nikawa peke yangu na kile kidonge. Dirisha lilikuwa wazi. Bado sijapona shaka zangu, sitadanganya. Bado naona dawa ya siku zote ni jambo la kuulizwa maswali. Nilikaa, nikashusha mabega, nikavuta pumzi, nikaitoa. Nikakiweka nyuma kabisa ya ulimi nikakimeza, kikashuka, nikanywa glasi nzima.

Nimesimulia watu kuhusu hakimu, kabati, mpangaji aliyezolewa na mvua, na siku zote mashahidi walikuwepo tele. Hili ni la kweli na sikuwa na hata mmoja. Mke wangu alipoingia na beseni tupu nilikuwa tayari nimefungua mdomo, nimeuelekeza kwenye mwanga.

Hakutazama. Alichukua ufagio nyuma ya mlango, akaniambia niinue miguu apitishe.

Nikainua miguu.